Kuku wana mwenyewe, ndege wa porini ni wa nani?

MSIMU uliopita wa mavuno, nikiwa darasani na wanafunzi wa Kidato cha Pili hapa Guta, wilayani Bunda, nilifundisha ile hadithi mashuhuri ya Anas bin Malik (r.a.), iliyomo katika vitabu vya Bukhari na Muslim, inayoeleza kuwa Muislamu akipanda mti au akilima shamba, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, basi mkulima huyo huandikiwa sadaka. Niliifundisha kwa furaha, maana ni hadithi inayompa mkulima heshima kubwa. Nilipomaliza, kijana mmoja akanyoosha mkono na kuuliza: "Ustadhi, kwelea kwelea wamekula mtama wetu wote. Kwa hiyo baba amepata sadaka nyingi sana. Sasa mbona nyumbani hatuna chakula?"

Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kijana yule hakuwa anafanya mzaha. Nilimjibu haraka haraka kwa maneno ya subira na malipo ya Akhera, kengele ikagonga, nikatoka. Lakini moyoni nilijua kuwa sijamjibu.

Siku chache baadaye likazuka jambo jingine kitongojini. Mkulima mmoja, baada ya kuchoka kuamia ndege tangu alfajiri hadi magharibi, alichukua dawa ya kuulia wadudu wa pamba, akaloweka mtama ndani yake, akaumwaga pembezoni mwa shamba. Kwelea kwelea aliowakusudia walikufa wachache. Waliokufa kwa wingi ni njiwa, tetere na kanga, pamoja na kuku kumi na mmoja wa jirani. Shauri likafika kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kuku wakahesabiwa, bei ikapangwa, mkulima akakubali kulipa kidogo kidogo, watu wakapeana mikono na kesi ikaisha.

Nilikuwapo pale kama msikilizaji. Baada ya kurudi nyumbani ndipo nilipotanabahi kuwa katika mazungumzo yote yale, yaliyochukua zaidi ya saa mbili, hakuna mtu aliyewataja wale njiwa na kanga, ila kuwaonya watoto wasiwaokote. Hata mimi, mwalimu wa dini, sikuwataja. Kuku walikuwa na mwenyewe, ndiyo maana kifo chao kikawa kesi. Njiwa hawakuwa na mwenyewe, kwa hiyo walifagiliwa pamoja na takataka.

Ndugu msomaji, makala hii inahusu maswali mawili yaliyonikosesha raha tangu siku hizo. La kwanza, je, kiumbe asiyemilikiwa na mtu yeyote hana haki yoyote? La pili, ambalo ni la yule kijana: kama anayo haki, ni nani anayepaswa kubeba gharama yake?

Guta yetu na ndege wake

Kwa wasiopafahamu, Guta iko kando ya Ziwa Victoria, kwenye Ghuba ya Speke. Upande mmoja tuna ziwa na wavuvi wake, upande wa pili si mbali na ilipo Hifadhi ya Serengeti, ambayo ukanda wake wa magharibi unanyoosha kidole kuelekea ziwani. Katikati tupo sisi na mashamba yetu ya mtama, mihogo, mahindi na pamba. Kwa hali hiyo ndege ni wengi: yangeyange, mnandi, furukombe, mdiria, korongo wa aina kadhaa, na tumbusi wanaotoka hifadhini. Mwaka 2002 kilichapishwa kitabu kilichoorodhesha maeneo muhimu ya ndege nchini Tanzania, na ghuba ya Bunda imo katika orodha hiyo, sawa na ghuba ya Mara na kinamasi cha Masirori kule juu. Nadhani wengi wetu tunaoishi hapa hatujawahi kuambiwa hivyo.

Kitabu hicho kilitolewa na jumuiya ya kuhifadhi wanyamapori ya WCST, iliyoanzishwa mwaka 1988. Kabla yake, mwaka 1980, zilikuwa zimekwisha anzishwa klabu za Malihai ambazo wengi tuliosoma shule za serikali tunazikumbuka. Ng'ambo ya ziwa, huko Dunga karibu na mji wa Kisumu, kipo kikundi cha wenyeji kiitwacho Lake Victoria Sunset Birders. Kazi zao si za ajabu: wanahesabu ndege wa kwenye mafunjo, wanakwenda mashuleni kuzungumza na wanafunzi, wanawaongoza wageni, wanawashawishi wenzao wasikate na kuchoma mafunjo ovyo. Katika mafunjo hayo wamo ndege ambao hawaishi mahali pengine isipokuwa kwenye mafunjo. Yakiisha, nao wameisha.

Nikiri kwamba kwa muda mrefu niliziona kazi za namna hii kuwa ni za Wazungu na watu walioshiba. Mtu ana watoto sita, ada haijalipwa, halafu anakaa na daftari kuhesabu ndege! Na wapo Waislamu wengi wanaofikiri hivyo hivyo, kwamba haya ni mambo ya dunia ya wengine na sisi tuna matatizo yetu. Lakini tukirejea kwenye mafundisho yetu wenyewe, tutaona kuwa tumesahau jambo tulilofundishwa kabla ya hizo jumuiya kuzaliwa.

Haki haitokani na umiliki

Katika aya ya 38 ya Surat Al-An'am, Allah (s.w.) anatufahamisha kuwa wanyama watembeao ardhini na ndege warukao kwa mbawa zao nao ni umma mfano wetu, na kwamba watakusanywa kwa Mola wao. Tuzingatie kuwa aya haikusema ndege ni umma kwa sababu wanatufaa. Imewataja kuwa ni umma, na ikatueleza marejeo yao ni kwa nani. Kwa hiyo swali la kichwa cha makala hii lina jibu: ndege wa porini naye ana Mwenyewe, na ni Mwenyewe asiyekubali kulipwa kidogo kidogo.

Imam Muslim amepokea kisa kinacholifafanua zaidi jambo hili. Abdullah bin Umar (r.a.) aliwapitia vijana wa Kikuraishi waliomfunga ndege na kumfanya shabaha ya mishale. Walikuwa wamepatana na mwenye ndege kuwa kila mshale utakaokosa utakuwa wake. Yaani mwenye mali alikuwepo, ameridhia, na analipwa. Pamoja na hayo Ibn Umar aliwakaripia na kuwakumbusha kuwa Mtume (s.a.w.) amemlaani anayekifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Ridhaa ya mwenye mali haikuhalalisha kitendo. Basi ikiwa hata ndege mwenye mwenyewe aliyekubali kulipwa anabaki na haki yake mbele ya Allah, vipi haki hiyo iondoke kwa ndege ambaye hakuna mtu anayemmiliki?

Aidha, Abu Daud amepokea kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud (r.a.) kuwa masahaba wakiwa safarini walichukua makinda mawili ya ndege, mama yao akaja anapapatika juu yao. Mtume (s.a.w.) alipomwona aliuliza nani amemuumiza kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Na katika Sunan ya An-Nasai imo hadithi inayoeleza kuwa anayemuua shomoro pasi na haki ataulizwa juu yake. Na haki yake ikafasiriwa kuwa ni kumchinja na kumla, si kumkata kichwa na kumtupa.

Hata hivyo, tusije tukafanya Uislamu kuwa dini ya kulia juu ya kila unyoya unaoanguka. Ni dini hii hii iliyoruhusu kuwaua kunguru, mwewe, panya, nge na mbwa mkali hata kwa aliye katika ihramu, kwa sababu ya madhara yao. Ndege halali wanawindwa na kuliwa. Kwa hiyo hoja si kwamba kuua ndege ni haramu kwa hali zote. Hoja ni kuwa kila uhai una hesabu, na anayeua lazima awe na sababu anayoweza kusimama nayo mbele ya Muumba.

Faida si msingi, lakini ni onyo

Wapo wanaosema tuwahifadhi ndege kwa sababu wana faida. Ni kweli wanazo, na wakati mwingine faida hiyo huonekana baada ya kuipoteza. Tazama tumbusi, ndege asiyependwa na mtu. Huko India, kuanzia miaka ya 1990, aina tatu za tumbusi zilipungua kwa zaidi ya asilimia 95. Ilikuja kugundulika kuwa sababu ni dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki iliyokuwa ikipewa ng'ombe; tumbusi akila mzoga wenye dawa hiyo, figo zake hufa. India ilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006. Lakini mizoga ilikuwa imekwisha jaa, mbwa wakaongezeka, maji yakachafuka. Utafiti wa wachumi uliochapishwa mwaka 2024 ulikadiria kuwa kutoweka kwa tumbusi kulisababisha vifo vya watu vipatavyo 500,000 vya ziada kati ya mwaka 2000 na 2005.

Hilo ni onyo kubwa kwetu tunaopakana na Serengeti, ambapo mzoga mmoja uliotiwa sumu ili kumlipizia kisasi simba au fisi aliyekula ng'ombe, unaweza kuua makumi ya tumbusi kwa siku moja. Lakini tukiishia kwenye faida tu, tutakuwa tumerudi kwenye kesi ya kuku. Siku tutakapomkuta ndege ambaye hatujui faida yake, tutamfagilia pamoja na takataka.

Ubaya wa sumu

Sasa turudi kwa yule mkulima. Kosa lake lilikuwa nini? Si kulinda shamba lake. Kulinda mali na riziki ya watoto ni wajibu. Kosa lilikuwa ni kuchagua silaha isiyojua inamuua nani. Manati unaielekeza. Mtego unautazama, na asiyehusika unamfungua. Sumu ukishaimwaga haina bwana. Inamuua kwelea kwelea na njiwa, kuku wa jirani, paka atakayemla njiwa, na huenda mtoto atakayemuokota kanga na kumpeleka jikoni. Kanuni ya sheria yetu ya kutodhuru wala kudhuriana inavunjwa hapo kwa mkono mmoja.

Wala tusidhani hili ni la mtu mmoja wa Guta. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa Kenya, watafiti waliripoti kwa miaka mingi jinsi watu wanavyotia sumu ya Furadani kwenye konokono na nafaka ili kuwaua korongo na bata, wakimtumia ndege aliye hai kuwa chambo cha kuwavuta wenzake, kisha nyama ikauzwa sokoni. Hapa Muislamu anapaswa kusimama na kutafakari. Ndege aliyekufa kwa sumu hakuchinjwa. Huyo ni nyamafu, na nyamafu ni haramu. Anayemuuza kwa asiyejua ameuza haramu na sumu katika fungu moja, na amemghushi mnunuzi. Mwaka 2009, baada ya habari za simba kuuawa kwa Furadani kuenea duniani, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikiitengeneza ilitangaza kuiondoa katika maduka ya Kenya. Lakini sumu zipo nyingi, na moyo unaokubali kuitumia moja utaitafuta nyingine.

Wavuvi wa mwalo wetu wanalijua somo hili kuliko wakulima. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kutoka Tanzania, Kenya na Uganda kwa sababu wapo waliokuwa wakivua kwa sumu. Waliotia sumu majini walikuwa wachache. Waliokosa soko walikuwa maelfu kwa maelfu, wengi wao hawakuwahi kushika hata kopo la dawa.

Jibu la kijana

Bado hatujamjibu yule kijana. Kwelea kwelea mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi, na kwa siku hula nafaka ya takriban gramu 10. Ni kidogo sana. Lakini kundi la milioni moja, na makundi ya namna hiyo ni ya kawaida, litakula tani kumi kwa siku. Hakuna mtoto mwenye teo juu ya dungu anayeweza kulizuia. Mwezi Januari 2023 ziliripotiwa habari za mamilioni ya ndege hawa kushambulia mpunga kule Kisumu, na mamlaka zikaamua kupuliza dawa. Nasi huku, hali ikizidi, hutumwa ndege kuua ndege, yaani ndege ya kupulizia dawa inayokwenda jioni walikolala kwelea kwelea. Dawa inayotumika zaidi, fenthioni, si ya kuchezewa. Mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Rotterdam zilikubaliana kuwa aina yake ya kupulizia isisafirishwe kwenda nchi yoyote bila nchi hiyo kuarifiwa na kuridhia kwanza.

Je, upulizaji huo unafaa kisheria? Kwa maoni yangu, dharura ina hukumu yake, lakini dharura hupimwa kwa kadiri yake. Kama njaa iko mlangoni na njia nyingine zimeshindwa, wataalamu wakafanya kazi hiyo mahali walipolala kwelea kwelea peke yao, wananchi wakatangaziwa, mizoga ikakusanywa isiliwe, hiyo ina sura ya dharura. Ikiwa ni kupuliza tu kwa sababu ni rahisi na hakuna atakayeuliza, hiyo sura hana. Na njia nyingine zipo. Wilayani Kondoa wananchi wamekuwa wakiwatega ndege hawa kwa mitego ya kufuma na kwa nyavu, na wataalamu wetu wamelifanyia utafiti jambo hilo. Kwelea kwelea ni mla mbegu, si ndege wa makucha. Akikamatwa hai na kuchinjwa ni kitoweo halali. Aliyenaswa naye si kwelea kwelea huachiwa akaenda zake. Huko ndiko kuua kunakojua kunamuua nani.

Lakini zipo lawama zinazopaswa kwenda upande wa pili pia. Ikiwa ndege na wanyama wa Serengeti ni urithi wa taifa zima na dunia nzima, kwa nini gharama yao ilipwe na kaya moja yenye ekari mbili za mtama? Mtalii anapiga picha na kuondoka. Mji unapata kodi. Mkulima anabaki na mabua. Ile hadithi ya sadaka ni bishara kwa aliyeliwa shamba lake, haikuja kuwa udhuru kwa jirani aliyeshiba, wala kwa mwenye mamlaka. Tukimsomea mwenye njaa hadithi ya sadaka kisha tukafunga kitabu, tumeitumia hadithi ya Mtume (s.a.w.) kujivua wajibu wetu. Na mimi ndivyo nilivyofanya darasani.

Kwa hiyo, ninayo maneno kwa pande tatu. Kwa vikundi vya ndege: kazi yenu ni njema, lakini mkija na daftari la kuhesabu ndege, njooni pia na ukurasa wa kuhesabu mtama uliopotea, mkulima atawasikiliza. Kwa wahusika wa kilimo: bwana shamba afike wakati ndege bado ni wachache, si baada ya mavuno kwisha. Na kwetu Waislamu: aliyeliwa shamba lake na ndege ana haki katika zaka na sadaka zetu, na khatibu anayekemea riba Ijumaa hii anaweza Ijumaa ijayo kukemea sumu.

Wiki iliyopita nilimwita yule kijana, nikamwambia kuwa swali lake lilikuwa sahihi na jibu langu lilikuwa pungufu. Nikamwambia baba yake ana malipo yake kwa Allah, na sisi majirani tuna deni kwake ambalo hatujalipa. Kwa kuanzia, wanafunzi wamekubaliana kupeana zamu za kuamia katika mashamba ya wajane na wazee msimu ujao, kabla na baada ya masomo. Ni jambo dogo, na huenda kwelea kwelea wakatushinda. Lakini afadhali tushindwe tukiwa na teo mkononi kuliko kushinda kwa kopo la sumu, kisha tukaulizwa siku ile juu ya njiwa ambao hakuna mtu aliyewadai.

Wallahu a'lam.